Udongo, kalibu na faili: vitenzi vya fundi katika utengenezaji wa kidijitali

Makala haya yanatoka nje kidogo ya mipaka ya kitivo hiki. Mimi nasoma usanifu majengo, na kwa muda sasa nafanya majaribio ya udongo wa Kindu: naukanda, naupima, naingiza vipimo vyake katika kompyuta, kisha narudisha mchoro kwa seremala ili achonge kalibu ya tofali. Naliandikia jarida la lugha kwa sababu moja. Katika kazi hiyo, mahali pagumu mara nyingi si kwenye kompyuta. Ni kwenye maneno.

Utengenezaji wa kidijitali ni kazi ya kuchora kitu katika kompyuta kwa vipimo kamili, kisha kuifanya mashine ikate, ichonge au ijenge kitu hicho kwa kufuata faili. Mashine ya namna hiyo haigusi udongo kabla ya kazi, haiunusi, haijui kama una mchanga mwingi au mchache. Inafuata namba tu. Namba hizo lazima zitoke mahali fulani, na hapa kwetu zinatoka kwa mafundi matofali na kina mama wafinyanzi, ambao hawakuziandika kama namba. Wamezihifadhi katika vitenzi. Hoja yangu ni kwamba asiyevijua vitenzi hivyo hawezi kuzipata namba, na kwamba kuvikusanya ni kazi ya kitaalamu inayowahusu wanafunzi wa lugha kama inavyotuhusu sisi wa ujenzi.

Kwa nini udongo

Saruji, au simenti kama wengi tunavyoiita, inafika Kindu kwa safari ndefu: kwa reli kutoka kusini, au kwa njia ya Bukavu. Kila hatua ya safari hiyo inaongeza bei ya mfuko. Udongo mwekundu, kwa upande wake, uko chini ya miguu yetu, Kasuku na Mikelenge, na ng'ambo ya Lualaba katika Alunguli. Matofali ya udongo huo yakichomwa katika tanuru yanakuwa magumu, lakini tanuru inakula kuni nyingi.

Swali la majaribio yangu ni jepesi kulitamka: tunaweza kujenga ukuta mzuri kwa saruji kidogo kiasi gani na moto kidogo kiasi gani? Jibu lake linategemea usahihi. Matofali yanayolingana kabisa yanaungana kwa tope jembamba, na ukuta unasimama wima bila kulipakwa lipu nene ya kuficha makosa. Matofali yasiyolingana yanadai tope nene, na mara nyingi tope hilo ndilo lenye saruji. Basi milimita tatu za tofali moja ni fedha za mwenye nyumba.

Vipimo vitatu bila maabara

Kabla ya kompyuta kuna vipimo vya mkono. Navieleza kwa ufupi, kwa kuwa kila kimoja kina maneno yake.

Cha kwanza ni cha chupa. Unachukua chupa ya kioo cheupe, unatia udongo hadi theluthi moja, unajaza maji, unatikisa kwa nguvu, unaiweka mahali pasiposogezwa. Mchanga unatua chini upesi sana. Baadaye inatua vumbi laini. Mwisho kabisa, baada ya saa nyingi, unatua udongo wa mfinyanzi, ambao ndio gundi ya mchanganyiko wote. Ukipima unene wa kila tabaka kwa rula, umepata uwiano. Vitabu vya shule vya Afrika Mashariki vinatupa majina matatu kwa aina za udongo: kichanga, tifutifu na mfinyanzi. Fundi wa hapa hagawi hivyo. Anasema udongo huu unashika, ule haushiki. Mgawanyo wa kitabu unaeleza udongo ni nini. Wa fundi unaeleza udongo unafanya nini. Mjenzi anahitaji yote miwili.

Cha pili ni cha donge. Unalowesha udongo kidogo, unaufinya kiganjani uwe donge, unaliachia lianguke kwenye sakafu ngumu kutoka urefu wa mita moja hivi. Likisambaratika kuwa vumbi, maji ni machache. Likibaki bapa kama mkate, maji yamezidi. Likivunjika vipande vichache, maji yanatosha kwa tofali la kufinywa kwa mashine ya mkono, ile inayotokana na CINVA-Ram iliyobuniwa Bogotá, Kolombia, katika miaka ya 1950.

Cha tatu ni cha sanduku, na ndicho kinachounganisha mkono na kompyuta. Seremala anachonga sanduku la ubao lenye urefu wa sentimita 60 kwa ndani, upana na kina cha sentimita 4. Linapakwa mafuta, linajazwa udongo uliolowa, linaachwa mpaka udongo ukauke kabisa. Ukikauka, unaujongeza wote upande mmoja na kupima nafasi iliyobaki wazi. Nafasi hiyo inasema udongo umesinyaa kiasi gani. Ikiwa ni sentimita 3, basi udongo umesinyaa sehemu 3 kati ya 60, yaani asilimia 5.

Kulala, kukauka, kuanika

Nilipopeleka udongo niliouloweka asubuhi kwa mzee mmoja anayepiga matofali, aliubonyeza kwa kidole gumba na kusema, «Mwanangu, huu haujalala.» Nikamuuliza, «Papa, ulale usiku ngapi?» Akanijibu kwamba huo wa karibu na mto ulale siku mbili, ule wa kichuguu unaweza kutumika kesho.

Nani angeandika jambo hilo katika kitabu cha ufundi? Wafaransa wanalo neno la kazi hiyohiyo: wanasema udongo unaoza. Sisi tunasema unalala. Maana ya kiufundi ni moja. Chembe za mfinyanzi ni ndogo mno na zimeshikana. Maji yanahitaji muda kupenya kati yake. Udongo usiolala una sehemu zilizoshiba maji na sehemu zenye kiu, na sehemu hizo zitasinyaa kwa viwango tofauti. Ufa utaanzia hapo. Katika kauli ya mzee yule mna data mbili: aina ya udongo kwa mahali unapotoka, na muda kwa siku. Nikiziandika katika jedwali zinakuwa namba. Bila kitenzi kulala, nisingejua hata kwamba kuna namba ya kuuliza.

Angalieni pia kukauka. Kifaransa kina «sécher», nacho kinatumika kwa kitu kinachokauka chenyewe na kwa mtu anayekausha kitu. Maelekezo yakisema tofali «sécher» siku tatu, msomaji atajaza mwenyewe kilichoachwa. Kiswahili kinamlazimisha msemaji achague. Tofali linakauka lenyewe. Mtu analikausha kwa njia fulani. Au analianika, yaani analiweka wazi lipate jua na upepo. Kwa fundi hizi ni amri tatu zenye matokeo matatu. Tofali bichi likianikwa juani mapema, ngozi yake ya nje inakauka na kusinyaa wakati tumbo bado limelowa, nayo inapasuka. Linapaswa kwanza liachwe likauke kivulini, ndipo lianikwe. Sarufi ya mnyambuliko tunayosoma darasani, kauka na kausha, hapa inapima kasi ya maji kutoka ndani ya tofali.

Jozi nyingine ni kupungua na kusinyaa. Tofali linapokauka linapungua uzito kwa sababu maji yametoka. Linasinyaa ukubwa kwa sababu chembe zimesogeleana. Mambo haya hayaendi sawasawa: udongo wenye mchanga mwingi unaweza kupungua uzito sana na kusinyaa kidogo tu. Ndiyo maana mfinyanzi anayesaga vigae vya vyungu vilivyovunjika na kuvichanganya na udongo mpya anafanya jambo la akili. Vigae vilivyokwisha kuchomwa havisinyai tena, kwa hiyo vinazuia chungu kizima kisipasuke. Mwanafunzi anayetumia neno «kupungua» kwa mambo yote mawili ataingiza namba isiyo yake katika faili.

Kutoka sanduku hadi faili

Programu ninayotumia kuchora kalibu ni OpenSCAD. Ni ya bure na inafanya kazi hata katika kompyuta ya zamani. Tofauti yake na nyingine ni kwamba huchori kwa kalamu wala kwa kuburuta mistari. Unaandika sentensi, nayo inazigeuza kuwa umbo. Amri zake zimetungwa kwa Kiingereza, lakini majina ya vipimo unayatunga mwenyewe, na mimi nayatunga kwa Kiswahili. Sehemu ya faili langu inasomeka hivi, vipimo vikiwa milimita:

urefu = 290;
upana = 140;
kimo = 90;
kusinyaa = 0.05;
kalibu_urefu = urefu / (1 - kusinyaa);
kalibu_upana = upana / (1 - kusinyaa);
kalibu_kimo = kimo / (1 - kusinyaa);

Mistari mitatu ya kwanza ni tofali ninalolitaka likiisha kukauka. Wa nne ni jibu la sanduku. Mitatu ya mwisho ni kalibu, ambayo lazima iwe kubwa kuliko tofali kwa sababu udongo utasinyaa. Kwa asilimia 5, urefu wa kalibu unakuwa milimita 305. Nikihamia udongo mwingine unaosinyaa asilimia 8, nabadilisha namba moja, na kalibu nzima inajichora upya kwa urefu wa milimita 315. Hiyo ndiyo faida ya kidijitali: uhusiano kati ya vipimo unaandikwa mara moja, kisha unafanya kazi kwa kila udongo.

Hapa pana jambo la tahajia litakalowapendeza wanaisimu. OpenSCAD inapokea majina yenye herufi za a hadi z bila alama juu yake. Neno la Kifaransa «épaisseur» linapaswa kuvuliwa alama yake kabla ya kuingia. «Unene» unaingia mzima.

Pana pia jambo la semantiki, zito zaidi. Mtu akisikia kwamba udongo unasinyaa asilimia 10, ni rahisi aseme: basi ongeza asilimia 10 kwenye kalibu. Tuhesabu. Milimita 290 pamoja na asilimia 10 ni 319. Udongo ukisinyaa asilimia 10 ya 319, inabaki 287.1, wala si 290. Kila tofali limepungukiwa karibu milimita 3, na safu ya matofali kumi imepungukiwa karibu sentimita 3. Tatizo liko katika sentensi. Asilimia 10 ya nini? Ya tofali kavu au ya tofali bichi? Sanduku linapima udongo ulivyokuwa ukiwa mbichi. Sentensi sahihi ni hii: kinachobaki ni asilimia 90 ya kilichokuwa. Kutoka sentensi hiyo mgawanyo kwa 0.9 unajileta wenyewe, na kalibu inakuwa milimita 322. Sentensi iliyopinda inazaa ukuta uliopinda.

Mashine ikiwa mbali

Mtu atauliza: haya yote yana faida gani kwa mji ambao umeme wake ni wa kubahatisha na mashine za kukata kwa kompyuta hazionekani mitaani? Jibu langu ni kwamba faili halilazimiki kukaa karibu na mashine. Naweza kulituma kwa ujumbe kwenye karakana ya mji mwingine. Naweza pia kuchapa mchoro kwenye karatasi kwa ukubwa halisi, seremala akaubandika kwenye ubao na kukata kwa msumeno wa mkono. Karatasi ya A4 ina urefu wa milimita 297, kwa hiyo upande wa milimita 305 hautoshei. Inatakiwa A3 au karatasi mbili zilizounganishwa. Kwenye kila karatasi nachora mstari wa milimita 100. Kabla ya kukata, seremala anaupima kwa rula, maana mashine za kunakili zina tabia ya kupunguza ukubwa bila kumwambia mtu. Mstari huo ni mkataba kati ya faili na msumeno.

Wala mashine yenyewe si lazima itoke mbali. Mwaka 2013 dunia ilisikia habari za Afate Gnikou wa Lomé, Togo, aliyeunda printa ya 3D kwa kutumia sehemu nyingi za taka za kielektroniki.

Je, nyumba inachapwa?

Nafika kwenye istilahi. Magazeti ya Kiswahili yanaandika kwamba nyumba «zimechapishwa kwa teknolojia ya 3D». Mfano ulio karibu nasi ni Mvule Gardens, Kilifi, pwani ya Kenya, mradi wa nyumba 52 wa kampuni ya 14Trees. Kampuni hiyohiyo mwaka 2021 ilijenga shule katika wilaya ya Salima, Malawi, ambayo kuta zake zilisimamishwa na mashine kwa saa 18. Mashine hizo zinatumia mchanganyiko wa saruji unaotoka kwenye bomba kama dawa ya meno na kulazwa tabaka juu ya tabaka.

Kuchapa, kwa Kiswahili, kuna wazo la kugonga au kukandamiza: kuchapa viboko, kuchapa muhuri, kuchapa kitabu. Kwenye ukuta wa Kilifi hakuna kinachogongwa. Ila kuna kazi moja ya zamani inayofanana kabisa na hiyo, nayo ni ya mama mfinyanzi anayeviringisha udongo kuwa kamba, akaizungusha juu ya kitako cha chungu, akaweka nyingine juu yake mpaka shingoni. Mwaka 2021, katika mji wa Massa Lombarda, Italia, kampuni ya WASP na msanifu Mario Cucinella walikamilisha nyumba iitwayo TECLA iliyojengwa na mashine kwa udongo wa pale pale. Ina matabaka 350, kila moja milimita 12, yaani mita 4.2 kwa jumla, na kazi ya mashine ilichukua saa 200. Mfinyanzi wa Maniema akioneshwa picha yake hatahitaji kuelezwa kanuni. Ataona chungu kikubwa.

Kwa hiyo napendekeza kwamba mashine inayojenga kwa udongo tuiite mashine ya kufinyanga, na kila mzunguko wake tuuite kamba, kama kamba ya chungu. «Printa» ibaki kwa zile ndogo za plastiki, kwa kuwa neno hilo limekwisha kuzoeleka. Sababu yangu si kupenda maneno ya asili kwa ajili ya asili. Neno «kufinyanga» linakuja na maswali yake: udongo umelala? una vigae? kamba ya chini imeanza kushika kabla ya kubeba ya juu? Hayo ndiyo maswali ambayo mwendesha mashine anapaswa kuyauliza. Neno «kuchapa» linamkumbusha wino na karatasi.

Lakini tusidhani kwamba mashine kubwa ndiyo njia pekee. Katika uwanja wa kriketi wa Gahanga, Kigali, uliofunguliwa mwaka 2017, kampuni ya Light Earth Designs ilitumia kompyuta kutafuta umbo la mapaa ya tao yenye upana wa hadi mita 16. Mapaa yenyewe yakajengwa kwa mikono ya mafundi, kwa vigae vyembamba vya udongo wa hapo vilivyochanganywa na saruji kidogo na kufinywa bila kuchomwa. Kati ya matabaka ya vigae waliweka wavu wa plastiki kwa ajili ya matetemeko. Kompyuta ilifanya inachokiweza, fundi akafanya anachokiweza. Kindu inaweza kujifunza zaidi kutoka Gahanga kuliko kutoka Kilifi, kwa sababu saruji ni kidogo na kazi inabaki kwa watu.

Kazi kwa kitivo

Kamati ya Lugha iliyoanza kusanifisha Kiswahili mwaka 1930 ilihudumia Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda. Kongo haikuwamo. Maneno ya kazi ya Maniema, pamoja na matamshi yetu kama «bulongo» kwa udongo, hayakupata nafasi mezani. Leo Katiba yetu ya 2006 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na tangu 2022 nchi yetu ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Meza imepanuliwa. Tutaleta nini?

Mafundi wanaojua udongo kwa kidole gumba wanazeeka, na vijana wengi wanaofuata ufundi wanasubiri fedha za saruji. Naomba basi wanafunzi wanaotafuta mada ya kazi ya utafiti wafikirie hii. Tembeleeni wapiga matofali wa pande zote mbili za mto, na kina mama wafinyanzi, mkizingatia mambo manne.

Kwanza, andikeni sentensi nzima badala ya neno tupu. «Udongo haujalala» ina maarifa. «Kulala» peke yake haina. Pili, andikeni ilisemwa juu ya udongo wa wapi. Tatu, ulizeni kinyume chake: udongo uliolala unajulikanaje, kwa jicho, kwa mkono au kwa harufu? Nne, chukueni kiasi cha udongo huo kinachojaza sanduku la sentimita 60, ili kila kitenzi kiwe na namba yake pembeni.

Sanduku hilo seremala yeyote wa Kasuku anaweza kulichonga kwa asubuhi moja. Nitaleta mawili. Nyinyi leteni daftari.